Kuku wa Shughuli Naye Ana Haki ya Kushiba



Shughuli zetu hazikamiliki bila kuku. Tunauliza kachinjwa vipi, na tunafanya vyema. Lakini alilishwa vipi kabla ya kufika kwenye kisu? Hilo hatuulizi.

Wengi wetu tunafuga uani, na chakula cha kuku ni ghali. Basi tunapunguza: leo kibaba, kesho nusu, keshokutwa hakuna, na banda limefungwa. Kuku hasemi, ila damu yake inasema. Njaa ikimwandama, mwili wake hutoa kwa wingi homoni ya dhiki iitwayo kotikosteroni. Katika chembe nyeupe za damu, heterofili huzidi na limfosaiti, ambazo ni askari wa kinga, hupungua. Tangu Gross na Siegel walipoeleza uwiano huo mwaka 1983, wataalamu huutumia kupimia dhiki ya kuku. Kinga ikishuka, maradhi hupata njia.

Mtasema, mbona mashamba makubwa nayo hupunguza? Kweli. Kuku wazazi wa broila wakila watakavyo hunenepa kupita kiasi, miguu na moyo huelemewa, mayai hupungua. Kwa hiyo hupimiwa, na wakiwa wanakua hupata hata chini ya nusu ya ambacho wangekula. Lakini hata kwao njaa huonekana: hudonoa vyombo vitupu na kunywa maji kupita haja. Ikiwa wenye mizani na madaktari bado wanahangaika na jambo hili, sisi wa kukisia kwa mkono tusijipe ruhusa.

Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Kuku wa bandani ana tofauti gani?

Rai yetu ni hii: tufuge tunaoweza kuwalisha. Watano walioshiba ni bora kuliko ishirini wenye njaa. Vyombo viwe vingi ili wanyonge nao wapate, maji yasikauke, na ikiwezekana jioni waachiwe waparue. Nawe bibi harusi, ukiagiza kuku wa biriani, muulize mfugaji anawalisha nini na mara ngapi. Tumeamrishwa kula kilicho halali na kizuri, na uzuri huo unaanzia bandani.

Allah atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Aamin.