Tutazame Kwanza Kope za Mbuzi

Baba mmoja wa Baraka alitujia juzi na masikitiko. Tangu mvua zianze amewanywesha mbuzi wake 12 dawa ya minyoo kila mwezi, wote pamoja, mkubwa na mdogo kipimo kimoja, na hata hivyo watatu wamekufa. Mmoja wao alikuwa karo ya binti yake. Akatuuliza, je, dawa ile ni ya bandia? Yawezekana. Lakini nasi tulimwuliza: uliwatazama kabla ya kuwapa?

Wenye farasi huko Ulaya siku hizi hawafuati kalenda tu kama zamani. Wengi hupeleka kwanza mavi ya kila farasi yapimwe, mayai ya minyoo yahesabiwe, maana katika kundi ni wachache wabebao minyoo mingi. Sisi wa Fizi na Baraka mali yetu si farasi, ila kwa mbuzi jambo ni lile lile. Na tangu vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata viwanyang'anye watu ng'ombe, mbuzi ndiye akiba ya nyumba nyingi.

Adui wao mkubwa ni mnyoo mwembamba ukaao katika tumbo la nne na kunyonya damu. Jike moja hutaga mayai 5000 na zaidi kwa siku. Mayai hutoka pamoja na mavi, na penye joto na unyevu, kama hapa kandokando ya Tanganyika, huanguliwa. Baada ya juma moja hivi vijidudu vimekwisha kupanda juu ya majani. Mnyoo huu kwa kawaida haumharishi mbuzi. Ndiyo sababu wengi hudanganyika: mavi mazuri, kumbe damu yaisha.

Kwa nini basi tusiwape wote? Kwa kuwa dawa huua minyoo iliyo dhaifu, ikabaki ile sugu, nayo huzaa sugu wenziwe. Tiabendazoli ilianza kuuzwa mwaka 1961. Kufika 1964 ilikwisha onekana minyoo ya kondoo isiyoisikia. Kipimo pungufu huzidisha ubaya.

Mganga wa mifugo mwenye hadubini huchanganya mavi mabichi na maji ya chumvi yaliyokolea. Mayai huelea, akayahesabu. Siku 10 hadi 14 baada ya dawa hupima tena, na yasipopungua sana, dawa hiyo imeshindwa. Pasipo hadubini iko njia ya Afrika Kusini iitwayo FAMACHA: kadi ya rangi tano, ambayo hulinganishwa na upande wa ndani wa ukope wa chini. Ukope mwekundu, mwache mbuzi. Uliopauka au mweupe, mpe dawa leo. Wa katikati, mtazame vema, hasa mwana-mbuzi na mwenye mimba. (Weupe waweza kuletwa na maradhi mengine pia, asipopona, aitwe mganga.)

Jumamosi tulikwenda kwake. Binti yake aliwashika mbuzi tisa mmoja mmoja juani, akaandika daftarini. Sita walikuwa na kope nyekundu, mmoja wa katikati, wawili weupe kama karatasi, na mmoja wa hao wawili alikwisha vimba chini ya taya. Wawili hao tu ndio walionyweshwa dawa, baada ya kupimwa uzito kwa mizani ya samaki ya jirani. Tumepatana kurudi baada ya majuma mawili, na daftari lile lile.