Ushauri Nasaha au Mashauriano?

Katika vyuo vikuu vyetu, huduma ya kumsaidia mwanafunzi aliyeelemewa na dhiki ya moyo aghalabu huitwa "ushauri nasaha". Jina hili limezoeleka mno hata hatulitilii shaka. Ilhali nasaha ni mawaidha, na aitwaye kupewa mawaidha huenda ameinamisha kichwa, tayari kuonywa. Si ajabu basi kwamba wapo wanaoona heri wasiende kabisa.

Nathubutu kusema kwamba jina hili linakinzana na kazi yenyewe. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers (1902–1987), alifafanua katika maandishi yake ya miaka ya 1940 na 1950 mkabala unaomweka katikati yule anayetafuta msaada. Kwa mujibu wake, mtaalamu hapaswi kumtwika mtu suluhisho. Anapaswa kuwa mkweli, asijivike sura isiyo yake; kumkubali mwenziwe bila masharti; na kujitahidi kuyaona mambo kwa jicho la anayesema. Rogers aliamini kwamba penye hali hizo, mtu huweza kuiona njia yake mwenyewe.

Watakaopinga watasema kwamba fikra hii ni ya kigeni, kwani wahenga walinena: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli kwamba kungwi wa Pwani hufunza. Lakini kungwi humwandaa mwari kwa maisha ambayo yeye mwenyewe ameyapitia. Je, mshauri wa chuo ameyapitia ya kila kijana aingiaye mlangoni mwake, wa dini, kabila na hali tofauti? Wahenga hao hao walisema: kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Hata hivyo, sisemi mshauri anyamaze daima. Anayeulizia utaratibu wa karo aelezwe, na aliye katika hatari ya kujidhuru asiachwe peke yake.

Sarufi yetu inatupa njia. Katika "mshauri" na "mshauriwa", mmoja ni mtenda na mwingine ni mtendwa. Neno "mteja" nalo lina harufu ya duka, na mjini Mombasa "teja" ni mraibu wa dawa za kulevya. Kauli ya kutendana, kinyume chake, huwaweka wawili hao katika usawa: hushauriana. Kwa nini basi tusiiite huduma hii "mashauriano"?

Kubadili jina peke yake hakutoshi. Mwanafunzi anayelia kwa lugha ya mama au kwa Sheng asisahihishwe ngeli, asikilizwe. Hata sisi wapenzi wa Kiswahili sanifu tukumbuke kwamba maumivu hayana usanifu. Wanaistilahi na wanasaikolojia wakae pamoja, walipime kila neno kwa swali moja: je, linamfungulia mwenye dhiki mlango, au linamfungia?