Friji ya mashuani: Piga hesabu ya betri kabla ya kuuza mbuzi

Chukua nyumba moja ya mvuvi Vitongoji, upande wa mashariki wa Wilaya ya Chake Chake, Pemba. Baba amerudi dago baada ya siku tatu. Nusu ya vibua alioleta wamelegea na mchuuzi amewakataa. Mama anawaosha kwa ndimu ili watoto wapate kitoweo cha usiku. Wakiwa kwenye chakula, baba anatoa habari aliyoipata pwani.

"Mama watoto, kuna friji ndogo za boti, zinakwenda kwa sola. Tukiuza mbuzi wawili tunaipata."

"Na jua likishazama, baba watoto, hiyo friji itakula nini?"

Swali la mama ni zuri, na lina jibu la hesabu. Lakini kabla ya kufika huko, kuna jambo lililoko kwenye sahani ya watoto.

Sumu isiyokufa jikoni

Vibua, jodari, dagaa na fulusi wana kitu katika nyama yao ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini pale samaki anapokaa kwenye joto. Kazi hiyo huanza mara samaki anapokufa, na kwenye jua la mchana saa chache zinatosha. Histamini ikishajengeka haiondoki. Haifi kwa kukaanga, haiishi kwa kuchemsha, wala ndimu na chumvi haziitoi. Hata samaki aliyegandishwa baadaye hubaki nayo. Mara nyingine haina harufu yoyote, ingawa baadhi ya walaji husema nyama iliwawasha ulimi kama pilipili.

Mtoto aliyekula samaki wa namna hiyo huweza kuwa mwekundu au kuhisi joto usoni, akawashwa mwili, akatokwa na mabaka, akaumwa kichwa, akatapika au kuharisha. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili, na wengi hupata nafuu ndani ya siku moja. Wazazi wengi hudhani ni mzio wa samaki. Kama mtoto anapumua kwa shida, midomo au ulimi umevimba, au amelegea, asisubiriwe nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja, na daktari aelezwe samaki gani aliliwa na saa ngapi.

Baridi nayo ina mpaka wake. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ya kasa, kama ile ya bunju, imo ndani ya mnyama mwenyewe tangu akiwa hai. Hakuna friji wala barafu inayoiondoa.

Barafu kwanza, friji baadaye

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Friji ndogo ya boti imetengenezwa kuhifadhi kilichokwisha kupoa, na kupoza shehena ya samaki wa moto si kazi inayoiweza. Samaki kilo 20 waliotoka kwenye maji ya vuguvugu, wakitiwa kwenye friji ya lita 40, huchukua sehemu kubwa ya kutwa kushuka hadi karibu na sifuri. Kwa muda wote huo bakteria wanaendelea na shughuli zao.

Barafu hufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Kilo moja ya barafu inayoyeyuka inaweza kupoza takriban kilo tatu za samaki kutoka nyuzi 30 hadi sifuri. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kwa kuwa kasha hupokea joto mchana kutwa, kanuni salama katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Barafu iliyovunjwavunjwa hugusa samaki kila upande na kupoza upesi kuliko bonge. Chupa za maji zilizogandishwa nyumbani zinasaidia kutunza baridi, ila pekee hazitoshi, kwa sababu hazimzunguki samaki.

Barafu itengenezwe kwa maji safi ya kunywa, maana vijidudu vya kuharisha huvumilia kuganda. Samaki atolewe matumbo, asafishwe, apangwe tabaka kwa tabaka na barafu, na kasha liwe na tundu la kutoa maji machafu chini. Kasha lifunikwe na likae kivulini.

Kwa mvuvi anayetoka alfajiri na kurudi mchana, kasha zuri lenye kuta nene na barafu ya kutosha ndiyo jibu. Fedha za friji zinaweza kusubiri. Friji inaanza kuwa na maana kwa wale wa dago, wanaolala nje usiku mbili au tatu na barafu ikawaishia njiani. Hata kwao, samaki aanzie kwenye barafu, kisha ndipo friji ipokee.

Friji ipi ya kuchagua

Sokoni kuna aina nne, na zote muuzaji ataziita friji.

Ya kwanza ni kisanduku chepesi cha kuchomeka kwenye gari, kisicho na kompresa. Bei yake inavutia, lakini hushusha joto nyuzi 20 hivi tu chini ya joto la nje. Nje kukiwa na nyuzi 33, ndani ni 13. Samaki anataka karibu na sifuri, na asizidi nyuzi 4. Isitoshe, kisanduku hicho hunywa umeme bila kupumzika.

Ya pili ni friji ya kawaida ya nyumbani inayoendeshwa kwa inveta. Inapowaka huvuta umeme mwingi kwa ghafla, inveta nayo inakula sehemu yake, na chumvi ya bahari hula nyaya.

Ya tatu ni ya gesi. Inataka kukaa sawasawa, jambo ambalo mawimbi hayaruhusu. Gesi ya kupikia ikivuja huwa nzito kuliko hewa, hutuama chini ya mashua na kusubiri cheche.

Ya nne ni ya kompresa ya volti 12 iliyotengenezwa kwa gari au boti. Hii ndiyo ya kuangalia. Chagua inayofunguka kwa juu, kwa sababu baridi ni nzito na haimwagiki kifuniko kinapoinuliwa. Angalia unene wa kuta, mpira wa kifuniko, na kama ina kifaa cha kujizima betri inapopungua. Usinunue kubwa kuliko mahitaji, kwani kila lita ya ziada ina gharama yake kwenye betri.

Itakula nini usiku?

Sasa hesabu ya mama. Friji ya kompresa ya lita 40 huvuta ampea 4 hivi inapozunguka. Katika joto la pwani huzunguka karibu nusu ya siku, yaani saa 12. Nne mara 12 ni ampea-saa 48 kwa siku.

Betri ya kawaida ya risasi na asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 inatoa 50 tu, ambayo ni siku moja. Mawingu ya masika yakitanda siku ya pili, friji itazima. Anayetaka akiba ya siku mbili anahitaji betri mbili. Betri ziwe za sola, zinazovumilia kutoa umeme polepole. Ya gari imeumbwa kuwasha injini na haidumu kwa kazi hii. Betri za lithiamu ni nyepesi na hutumika kwa zaidi ya robo tatu ya uwezo wake, ila bei iko juu.

Paneli nayo ina hesabu yake. Ya wati 150, ikipata jua kali la saa 5, inatoa wati-saa 750. Toa robo inayopotea kwa joto, vumbi la chumvi na nyaya, inabaki kama 560. Gawa kwa volti 12, unapata ampea-saa 47, karibu sawasawa na mlo wa friji. Paneli ndogo zaidi ya hapo, au iliyofunikwa na kivuli cha tanga, itaacha betri na njaa. Mashine nyingi ndogo za kuvuta kamba hazina mtambo wa kuchaji, hivyo zisitegemewe.

Ongeza kontrola ya sola, fyuzi karibu na betri, na nyaya nene fupi. Betri ifungwe isipinduke, mahali penye hewa, kwa sababu ya risasi na asidi hutoa gesi inayowaka inapochajiwa. Kwa hiyo bei ya friji ni mwanzo tu. Mbuzi wawili wakilipa friji, nani atalipa betri?

Wenye umeme nyumbani wana njia nyingine. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme wa gridi kwa kebo iliyopita chini ya bahari kutoka Tanga. Friza ya nyumbani inaweza kutengeneza barafu ya safari, na ya kuwauzia majirani pia.

Friji bovu na watoto

Wavuvi wengi wa pwani hugeuza friza mbovu kuwa kasha la barafu. Ni busara ya kuokoa fedha, lakini kwa mtoto anayecheza kibe ni mahali pazuri pa kujificha. Kifuniko kikijifunga hewa huisha haraka, na sauti yake haisikiki nje. Ng'oa komeo lolote linalojifunga lenyewe. Lisilotumika ling'olewe kifuniko kabisa, na linalotumika lifungwe kwa kufuli. Betri nazo zikae mbali na watoto, maana asidi yake hupofusha.

Usiku ule Vitongoji, kama mama angeuliza swali moja zaidi, lingekuwa hili: vibua hawa walikaa saa ngapi bila barafu? Baba akijibu kuwa kutwa nzima, chakula cha watoto usiku huo ni muhogo na mchuzi wa nazi. Mbuzi wabaki zizini kwanza. Safari ijayo ianze na kasha zuri na barafu kilo kwa kilo, na hesabu ya friji ifanywe wakirudi, samaki wakiwa bado wagumu.