Aliyeavya mimba ahitaji tiba na faraja, si pingu

KILA mjadala kuhusu uavyaji mimba unapozuka humu nchini, aghalabu hugeuka kuwa malumbano ya makundi mawili: wanaotetea uhai wa kijusi na wanaotetea haki ya mwanamke. Viongozi wa kidini hupaza sauti, wanasiasa hudandia hoja hiyo, nao mawakili huvutana kuhusu vifungu vya sheria.

Katika kelele hizo, kuna mtu mmoja anayesahaulika. Huyu ni mwanamke ambaye mimba yake tayari imetoka, anayevuja damu chumbani mwake au kwenye benchi la zahanati, na ambaye kwake mjadala huo umeshapitwa na wakati. Maji yakimwagika hayazoleki. Lililosalia ni kuuguza mwili wake na kuutuliza moyo wake.

Wanawake wa aina hiyo si wachache. Utafiti uliofanywa na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na kituo cha utafiti cha APHRC chenye makao yake jijini Nairobi ulikadiria kwamba mimba 464,690 ziliavywa nchini Kenya mwaka wa 2012. Karibu wanawake 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya mwaka huo kutokana na matatizo yaliyofuata, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa na matatizo ya wastani au makubwa.

Idadi hiyo ni ya wale waliothubutu kwenda kutibiwa. Waliojifungia nyumbani wakitumaini kwamba damu itakatika yenyewe hawakuandikwa katika daftari la hospitali yoyote.

Kinachowafungia nyumbani ni hofu, na hofu hiyo ina msingi. Chini ya Kanuni ya Adhabu, ambayo ni urithi wa enzi za ukoloni, anayemsaidia mwanamke kuavya mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa jela miaka 14, naye mwanamke mwenyewe miaka saba. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 26, inakataza uavyaji isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au ikiwa umeruhusiwa na sheria nyingine.

Hata hivyo, Katiba hiyo hiyo inatamka katika Kifungu cha 43 kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 iliongezea kwamba hospitali yenye uwezo wa kutoa matibabu hayo ikikataa, inatenda kosa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kumtibu mwanamke anayevuja damu baada ya mimba kutoka si kuavya mimba. Muuguzi anayemwondolea mabaki yaliyosalia katika mji wa mimba, anayemwongezea damu au kumpa dawa za kuua viini, haondoi uhai wa yeyote. Anaokoa uhai uliobaki. Hata anayepinga uavyaji kwa dhati ya moyo wake hana sababu ya kuipinga huduma hiyo.

Kwa bahati mbaya, mipaka hiyo imevurugwa na serikali yenyewe. Mnamo 2012, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza maradhi na vifo vinavyotokana na uavyaji usio salama. Mwongozo huo uliondolewa Desemba 2013, na miezi michache baadaye wahudumu wa afya wakapigwa marufuku kushiriki mafunzo kuhusu uavyaji salama na matumizi ya vidonge vinavyohusika. Vidonge vya aina hiyo hutumiwa pia kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika yenyewe, au aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua.

Matokeo yake yalifika kortini. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 14 alinajisiwa, akapata mimba, na mwishoni mwa 2014 ikatolewa na mtu asiye na ujuzi. Alianza kuvuja damu na kutapika. Akahamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, figo zake zikaharibika, na baada ya kuteseka kwa zaidi ya miaka mitatu akafariki mwaka wa 2018.

Mnamo Juni 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kuondolewa kwa mwongozo huo kulikiuka sheria, na ikaagiza mamake alipwe fidia ya Sh3 milioni. Kilichomuua binti huyo hakikuwa uavyaji peke yake. Miguu yake ilibisha milango mingi kabla ya kupata tiba aliyohitaji.

Ifahamike kwamba mwili wenyewe, ukihudumiwa mapema na ipasavyo, hupona haraka. Maumivu ya tumbo yanayofanana na ya hedhi ni ya kawaida katika siku za kwanza, na damu kidogo inaweza kuendelea kutoka kwa wiki moja au mbili. Hedhi hurudi baada ya majuma manne hadi manane.

Zipo dalili ambazo hazistahili kusubiriwa hadi kesho. Mwanamke anayelowesha pedi mbili kwa saa moja, na hali hiyo ikaendelea kwa saa mbili mfululizo, yumo hatarini. Vivyo hivyo anayepatwa na homa isiyoshuka, maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu au uchafu unaonuka ukeni. Hizo ni ishara za mabaki yaliyosalia, jeraha la ndani au viini vilivyoingia katika damu, na kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kumwokoa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba uwezo wa kushika mimba hurudi upesi mno, hata katika siku 10 za mwanzo na kabla ya hedhi kuonekana. Mwanamke anayeruhusiwa kwenda nyumbani bila kuelezwa kuhusu njia za kupanga uzazi anaweza kurudi hospitalini na tatizo lile lile kabla ya mwaka kuisha. Kwa anayetaka mtoto, Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza asubiri angalau miezi sita kabla ya kushika mimba nyingine.

Kidonda cha moyo ni suala gumu zaidi, na ndilo linalopotoshwa na pande zote mbili. Upande mmoja hudai kwamba kila aliyeavya huandamwa na majuto na wazimu maisha yake yote. Upande wa pili nao huzungumza kana kwamba hakuna machungu yoyote.

Utafiti uliofuatilia takriban wanawake 1,000 nchini Marekani kwa miaka mitano, ukiongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, ulionyesha kwamba hisia iliyotajwa zaidi ilikuwa ya kupata nafuu. Waliopata huduma hiyo hawakuwa na maradhi mengi ya akili kuliko walionyimwa. Mapema zaidi, mnamo 2008, jopo la Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani lilikuwa limefikia hitimisho linalokaribiana na hilo kuhusu wanawake watu wazima wanaoavya mimba changa wasiyoitaka.

Hata hivyo, itakuwa makosa kuyachukua matokeo hayo na kuyabandika hapa kwetu bila tahadhari. Wanawake hao walikwenda katika kliniki zilizotambuliwa na sheria. Mkenya aliyetolewa mimba kichochoroni, kwa siri, akihofia polisi, wazazi na majirani, hakupitia jambo hilo hilo.

Aidha, watafiti hao wa 2008 walibainisha wanaoelekea kuumia zaidi: wanaohisi kwamba lazima wafiche, wasio na mtu wa kuwaunga mkono, wanaoona aibu ya jamii ikiwaelemea, na waliokuwa na matatizo ya akili tangu awali. Orodha hiyo, ukiondoa sehemu ya mwisho, ni maelezo kamili ya maisha ya msichana wa shule aliyeavya katika kijiji au mtaa wa mabanda. Sehemu kubwa ya uchungu wake, kwa hivyo, imo mikononi mwa wanaomzunguka.

Mateso hayo huwapata hata wasio na hatia ya lolote. Mwanamke ambaye mimba yake imeharibika yenyewe hufika hospitalini na dalili zile zile, na hutibiwa kwa njia ile ile. Pale ambapo wahudumu wamezoea kuhoji kabla ya kutibu, naye huulizwa alimeza nini, ilhali anamlilia mtoto aliyemtamani.

Lipo pia suala la imani, ambalo haliwezi kupuuzwa katika nchi ambapo wengi humkimbilia kasisi, pasta au imamu kabla ya mwanasaikolojia. Mnamo Novemba 2016, Papa Francis, ambaye sasa ni marehemu, aliwaruhusu makasisi wote wa Kanisa Katoliki kuendelea kuwaondolea dhambi hiyo waumini wanaotubu. Hakubadilisha msimamo wa Kanisa kwamba uavyaji ni dhambi nzito. Alichofanya ni kufungua mlango wa kurudi. Wanaohubiri dhidi ya uavyaji wanaweza kujifunza hapo kwamba kulikemea tendo hakumzuii mtu kumpokea aliyelitenda.

Wajibu uliosalia ni wa kaunti, ambazo ndizo zinazosimamia hospitali nyingi za umma tangu 2013. Zahanati zahitaji vifaa vya kufyonza mabaki, damu ya kuongeza na wahudumu waliofunzwa kuvitumia. Wagonjwa hawa wahitaji faragha, kwani kumlaza aliyepoteza mimba kando ya kina mama wanaonyonyesha ni kukitonesha kidonda. Ushauri nasaha nao utolewe kabla ya mgonjwa kwenda nyumbani, kwa sababu wengi wao hawatarudi.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Mwanamke huyu hufunga kinywa chake kwa kuwa amesikia wanayosemwa wenzake, na kuona wanavyotendewa. Swali la kwanza atakaloulizwa mlangoni mwa hospitali ndilo litakaloamua iwapo atarudi nyumbani kwa wanawe: iwe anaulizwa amefanya nini, au anaulizwa anaumwa wapi.