Ufundi Nyumbani: Usukani wa Volkswagen Unapocheza

Gari la mwisho la Volkswagen lenye umbo la kobe lilitoka kiwandani Puebla, nchini Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Katika Afrika ya Mashariki sifa zake ni za tangu zamani, kwani mwaka 1962 ndilo lililoshinda mashindano ya Safari, na hata leo hupatikana nyuma ya nyumba za wastaafu na makambini likiwa bado linatembea. Injini yake huvumilia mengi. Usukani wake nao huvumilia, lakini huchakaa kimya kimya, na mwenye gari huuzoea uchakavu huo siku hata siku, asitambue kwamba anauzungusha usukani upana wa kiganja kabla ya magurudumu kuitikia.

Kipimo cha kiwanda si cha kubahatisha: magurudumu yakiwa yameelekea mbele sawasawa, usukani haupaswi kucheza zaidi ya milimita 15 ukingoni mwake. Ukizidi hapo, gari huyumba kama mlevi kila lori linapolipita, na watoto walioketi nyuma hawana habari kwamba baba anapigana na barabara.

Wengi hukimbilia dawa ya haraka. Sanduku la usukani, ambalo mafundi huliita steringi boksi, lina skrubu ya kurekebishia juu ya kifuniko chake, nayo hufikiwa kwa bisibisi kupitia tundu lililo chini ya tairi la akiba. Skrubu ikikazwa kidogo, mchezo hupungua. Ikikazwa tena, huisha kabisa. Hapo ndipo hatari huanza, na sababu yake inafaa ifahamike vizuri.

Ndani ya sanduku la magari yaliyotoka tangu mwishoni mwa 1961 kuna mhimili wenye mtaro uliozunguka kama parafujo kubwa, na katika mtaro huo hutambaa rola ndogo iliyoshikwa na shafti ya mkono wa usukani. Gari huenda moja kwa moja sehemu kubwa ya safari zake. Kwa hiyo rola husugua katikati ya mtaro miaka nenda miaka rudi, wakati ncha za mtaro zimebaki karibu kama mpya. Anayekaza skrubu mpaka katikati pasicheze, hulazimisha rola ibane pande zote mbili. Gari likikata kona, usukani huwa mzito na haurudi wenyewe. Dereva aliyezoea urudi huachilia kidogo, na gari huendelea kukata kona kuelekea mtaroni. Kukaza kidogo kwa sanduku lenye afya ni matengenezo. Kukaza sanduku lililokwisha ni kuficha ugonjwa. Lililofika hapo hubadilishwa.

Hata hivyo sanduku lisihukumiwe kabla ya kusikilizwa. Mtu mmoja wa nyumbani, mama au kijana mkubwa, na aketi kwenye kiti cha dereva, auzungushe usukani polepole kulia na kushoto kwa upana mdogo, huku mwenye gari akitazama chini ya gari lililotulia juu ya magurudumu yake. Mhimili unaoingia kwenye sanduku ukizunguka na mkono wa chini usitikisike, kosa ni la sanduku. Mkono ukitikisika na magurudumu yasifuate, kosa ni la ncha za tairodi. Sanduku zima likicheza juu ya tubu ya ekseli, huenda ni bolti zake tu zilizolegea. Zitazamwe pia kingpini katika magari ya zamani, au boljointi katika yale ya baada ya 1965, beringi za magurudumu, na upepo wa matairi. Ni jambo la kusikitisha jinsi masanduku mazima yalivyokwisha kutupwa kwa sababu ya tairodi ya bei ndogo.

Katika kununua, uangalifu unahitajika zaidi kwa wakazi wa mipakani. Uganda, Kenya na Tanzania magari hupita kushoto na usukani uko kulia. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Sanduku la gari la usukani wa kulia si lile la usukani wa kushoto, hata yakifanana machoni, na linalouzwa rahisi ng'ambo ya mpaka huenda lisifae kabisa. Kongwe na jipya yawekwe pamoja mezani, yalinganishwe sehemu kwa sehemu kabla fedha haijatoka mfukoni. Magari ya aina ya 1302 na 1303 hayana zile tubu mbili za ekseli ya mbele, na maelezo haya si yao.

Kazi yenyewe ni ya siku moja kwa asiyeharakisha. Kwanza waya wa betri ufunguliwe, nayo iko chini ya kiti cha nyuma. Gari liinuliwe mbele kwa jeki, kisha liketishwe juu ya stendi za chuma au magogo mapana yaliyo imara. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa, halifai. Magurudumu ya nyuma yatiwe vizuizi.

Kiungo kinachounganisha mhimili wa usukani na sanduku hufikiwa vyema tangi la petroli likitolewa kutoka sehemu ya mbele ya mizigo. Petroli imwagwe nje penye hewa, ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na jiko la mkaa, na sigara isikaribie. Bolti ya kiungo ifunguliwe, na waya mdogo wa honi uliopo hapo ukumbukwe, la sivyo gari litarudi barabarani likiwa bubu.

Ncha za tairodi hukaidi. Pini na nati zikishatoka, nyundo nzito ishikwe upande mmoja wa tundu la mkono, na upande wa pili upigwe kwa nyundo nyingine. Ncha itaruka yenyewe. Asipige meno ya nati hata mara moja. Shokomzoba ndogo ya usukani nayo ifunguliwe. Kisha mwenye gari achore alama kwa rangi mahali sanduku linapokaa juu ya tubu, na namna mkono ulivyokaa kwenye shafti yake, ndipo afungue bolti mbili za kibano na kulishusha.

Hapa pana jambo linalotofautisha kazi njema na kazi ya kubabaisha. Sanduku jipya lina katikati yake, mahali ambapo rola hukaa kwa mkazo uliokusudiwa, na mahali hapo ndipo linapopaswa kufanyia kazi gari likienda moja kwa moja. Kabla ya kulifunga, mhimili uzungushwe taratibu kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, mizunguko ihesabiwe, kisha urudishwe nusu yake na kutiwa alama. Mkono na tairodi vifungwe sanduku likiwa hapo, magurudumu yakitazama mbele. Usukani ukionekana umekaa upande, ung'olewe na kurudishwa juu ya meno yake mpaka unyooke. Asiye na subira huliacha sanduku likae nje ya katikati ili usukani unyooke upesi, na matokeo yake ni gari linalocheza tena ingawa kila kitu ni kipya, tena linalokata kona vizuri upande mmoja kuliko wa pili.

Masanduku mengine hutiwa oili ya gia namba 90, mengine hujazwa grisi. Lililonunuliwa lifunguliwe kizibo na kutazamwa, maana huuzwa hata yaliyo makavu. Vibati vya kufungia bolti visirudiwe vya zamani, na pini za nati ziwe mpya.

Jaribio la kwanza lifanyike uwanjani, mwendo wa mtu anayekimbia, bila abiria. Gari likate kona, dereva alegeze mikono huku viganja vikiwa tayari, na usukani urudi wenyewe kuelekea katikati. Usiporudi, skrubu ilegezwe kidogo na jaribio lirudiwe. Gari lipelekwe kwa fundi mwenye kipimo apange magurudumu ya mbele, na baada ya siku chache za safari bolti mbili za kibano zishikwe tena kwa spana kabla familia haijapanda kwenda kijijini.