Jina Lako la Wapi?

Liko swali ambalo huulizwa kwa tabasamu wakati wa chai, nalo humkosesha mtu raha siku nzima: "Hilo jina lako la wapi?" Ukijibu Kigoma, mwenzio haridhiki. "Na babu yako je, hakutoka ng'ambo ya mpaka?"

Utani tunao. Mngoni na Mhehe hutaniana kwa haki sawa. Kila mmoja hurusha, naye hurushiwa. Amhojiye mwenzake ukoo wake mbele ya watu hatanii, anapeleleza.

Tena jina si ushahidi. Kiha na Kirundi ni lugha zilizokaribiana mno, na jina moja laweza kukutwa Kasulu na Bujumbura vile vile. Hata mzee aliyekimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, akalima Katumba au Ulyankulu, huenda yumo miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania mwaka 2014.

Mjibu mara moja, kwa upole: "Nilipewa na bibi. Tuendelee na kazi." Akirudia, mwambie faraghani kwamba hupendezwi. Akizidi, andika tarehe na maneno yake, umwone kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 chakataza ubaguzi wa kabila na wa mahali mtu atokako, na bughudha yahesabiwa humo.

Cheti cha kuzaliwa usimwonyeshe. Kimo katika jalada lako, masijala.