Goma: Kabla ya «Bonjour, madame», mtoto asomewe kitabu kwa Kiswahili

Asubuhi za shule za chekechea mjini Goma zinafanana, iwe Himbi, Ndosho au Majengo. Watoto wanafika na vibegi vikubwa kuliko migongo yao, wengine kwa miguu, wengine wamebanwa watatu juu ya pikipiki moja. Wanaimba, wanataja siku za wiki, wanasalimia kwa sauti moja: «Bonjour, madame!» Kisha madame anaandika herufi a ubaoni, na watoto thelathini au arobaini wanainama juu ya kaye zao kunakili mstari mzima wa a, halafu mstari mzima wa e. Jioni mzazi anafungua kaye, anaona kurasa zimejaa, anaridhika. Anajisemea kwamba pesa yake haikupotea.

Kuna swali ambalo wazazi wachache wanauliza wakifungua kaye hiyo. Leo kuna mtu aliyemsomea huyu mtoto kitabu?

Katika madarasa mengi jibu ni hapana. Kitabu cha hadithi, kama kipo, kiko katika kabati ya direktrisi kwa kuogopa kisichanike. Mtoto anaweza kumaliza miaka mitatu ya matenele akiwa amenakili maelfu ya herufi, bila kukaa hata mara moja mbele ya mtu mzima anayefungua ukurasa, anayeonyesha picha na kuuliza: unafikiri fisi atafanya nini sasa?

Matokeo yanaonekana baadaye, na yanajulikana. Benki ya Dunia inakadiria kwamba nchini Kongo watoto wapatao 97 katika kila 100 wanafikia umri wa miaka 10 bila kuweza kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Wamo ndani ya hesabu hiyo watoto wasiofika shuleni kabisa, lakini wengi wao wamekaa kwenye benchi miaka mitatu, minne. Kunakili wanajua. Wengine wanaweza hata kutamka sentensi ya Kifaransa iliyo ubaoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Waulize sentensi imesema nini, wanakutazama tu.

Lawama kwa kawaida zinawaangukia walimu wa shule ya msingi, ambao tangu elimu ya bure ianze Septemba 2019 wamejikuta na madarasa yaliyofurika. Lakini mtoto anayeingia mwaka wa kwanza bila kujua kitabu kinafunguliwa upande gani, wala kwamba yale madoa meusi chini ya picha ndiyo yanayobeba hadithi, amechelewa tayari kabla mwalimu huyo hajamwona.

Ubishi mkubwa uko kwenye lugha. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishashika sauti za irabu tano na silabi kadhaa, anaweza kusoma mama, moto, samaki, peke yake. Tena neno analolisoma ni lile lile analolisikia nyumbani na barabarani, kwa hiyo likitoka mdomoni picha yake inakuja kichwani. Sasa tuchukue neno la Kifaransa oiseau, ndege. Lina herufi sita, na karibu hakuna hata moja inayosikika kama mtoto alivyofundishwa. Au eau, maji: herufi tatu zinatoa sauti moja ya o, na o yenyewe haimo. Mtoto wa Paris anavumilia fujo hiyo kwa sababu neno analijua tangu ananyonya. Mtoto wa Mabanga anakutana na vitu viwili vigeni kwa pamoja, maandishi na neno lenyewe, halafu watu wazima wanashangaa kwamba anakariri.

Jambo la kushangaza zaidi liko kwenye orodha ya majina ya darasa. Baraka, Furaha, Amani, Neema, Riziki. Watoto wengi wa Goma wanabeba majina ya Kiswahili ambayo wangeweza kuyasoma ndani ya majuma machache, wakianza na lao wenyewe lililoandikwa kwenye kipande cha karatoni na kubandikwa ukutani. Kila mwalimu mzuri wa watoto wadogo anajua kwamba jina ndilo neno la kwanza mtoto analotaka kusoma. Neema akiliona ne ndani ya jina lake, ataliona tena ndani ya neno nene na ndani ya nne akikosea, na kukosea huko ndiko kunakoonyesha kwamba ameanza kusoma.

Wazazi wanaodai Kifaransa hawana ujinga. Kifaransa ndiyo lugha ya mtihani wa serikali, ya ofisi, ya barua ya kuomba kazi. Mzazi anayelipa minervali kwa dola, katika mji ambao mabenki yake yalifungwa Januari 2025 na biashara nyingi zikadorora, anataka kuona kitu alichonunua. Mtoto anayesema «je m'appelle» mbele ya wageni ni kitu kinachoonekana. Na maduirektrisi wanajua hivyo. Shule inayotangaza kwamba watoto wake wanaongea Kifaransa tupu ndiyo inayojaza madarasa mwezi Septemba. Anayefundisha kwa Kiswahili anashukiwa kwamba hana diplome ya kutosha.

Lakini Kifaransa hakikimbii. Mtoto aliyejua kusoma kwa lugha anayoielewa haanzi upya akifika kwenye Kifaransa: anajua tayari kwamba herufi zina sauti, kwamba mstari unakwenda kutoka kushoto, kwamba sentensi lazima iwe na maana na isipokuwa nayo arudi nyuma kuitafuta. Anabakiwa na maneno mapya ya kujifunza, na nyimbo na salamu za asubuhi zinaweza kuendelea kumpa hayo. Anayeanza na Kifaransa tupu mara nyingi anapoteza vyote viwili.

Tena hakuna anayeomba kuvunja sheria. Katiba inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inasema Kifaransa ni lugha ya kufundishia, na papo hapo inaruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto zitumike kufundishia na zifundishwe kama somo. Mjadala wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1962 Kifaransa kiliwekwa kuwa lugha ya shule tangu mwaka wa kwanza. Mwaka 1974 wataalamu wa lugha wa Zaire walikutana Lubumbashi na kudai lugha za taifa zirudishwe darasani. Kuanzia 2015 mradi wa ACCELERE!, kwa pesa za Marekani na Uingereza, ulitengeneza vifaa vya kusomea vya Kiswahili, Lingala na Tshiluba kwa miaka ya kwanza ya shule ya msingi. Karatasi zipo, basi. Darasani, madame anaendelea na mstari wa e.

Kikwazo kimoja kinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu wanaopinga wanakitumia na hawakosei kabisa. Kiswahili cha vitabu siyo kile cha Birere. Kitabu kinasema watoto wanakwenda shuleni. Mtoto anasema batoto banakwenda ku masomo. Kitabu kinaandika maji, nyumbani ni mayi. Na kuna watoto ambao hata hicho cha Birere kwao ni lugha ya pili: familia zilizofika kutoka Masisi, Rutshuru au Lubero zinaongea Kihunde, Kinyarwanda, Kinande. Mwalimu anayemkaripia mtoto kila akisema mayi atamnyamazisha kama Kifaransa kinavyomnyamazisha. Kazi ni kusoma kilichoandikwa na kupokea kilichosemwa. Mtoto akijibu «ni mayi», madame anasema ndiyo, ni mayi, na hapa kitabu kimeandika maji, tazama herufi hii. Watoto wa miaka mitano wanalielewa hilo haraka kuliko maprofesa. Wanajua tayari kwamba bibi anaongea hivi na jirani vile.

Somo lenyewe halihitaji mashine wala mradi wa kigeni. Linahitaji dakika kumi na tano kila siku, saa ile ile, watoto wamekaa chini kwa nusu duara ili wote waone ukurasa. Madame anasoma polepole huku kidole kikifuata maneno. Anasimama kabla ya kufunua ukurasa, anauliza nini kitafuata, anawaacha wabishane. Akimaliza anamwita mmoja asimulie tena kwa maneno yake. Kesho yake anasoma kitabu kile kile, kwa sababu watoto wanapenda kurudia na kwa sababu mara ya tatu ndipo wanaanza kutambua maneno. Halafu mchezo wa kupiga makofi kwa silabi: sa-mba-za, makofi matatu, chu-ku-du, matatu, mo-to, mawili. Huko ndiko kusikia sauti ndani ya neno, na bila sikio hilo herufi ya ubaoni inabaki mchoro tu. Kwa hesabu kuna vijiwe vyeusi vya volkeno, ambavyo Goma haitavikosa kamwe.

Na vitabu? Hapo ndipo wengi wanakata tamaa, na ni kweli kwamba vitabu vya Kiswahili vya watoto wadogo ni adimu madukani. Lakini darasa linaweza kujitengenezea. Watoto wanasimulia safari ya kwenda ziwani kuchota maji, madame anaandika sentensi moja chini ya kila mchoro, kurasa nane zinashonwa kwa uzi, jalada la karatoni. Kitabu cha namna hiyo kinasomwa hadi kichakae, kwa sababu kinasema habari za waliokitunga. Bibi wa mtaa anayejua ngano za sungura na fisi anaweza kuitwa Ijumaa asimulie, na Jumatatu ngano hiyo ikawa kitabu.

Watoto wanaojaza madarasa haya sasa walizaliwa karibu na Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na mji ukahama kwa miguu kuelekea Sake na Gisenyi. Januari 2025 walisikia mabomu, shule zikafungwa, zikafunguliwa tena Februari huku mabenchi mengi yakiwa matupu. Wengine wamelala kambini Kanyaruchinya au Bulengo. Mtoto wa namna hiyo akikaa karibu na mtu mzima anayesoma kwa sauti ya utulivu, hadithi ikaanza na ikaisha kama jana, anapata kitu ambacho mstari wa e hauwezi kumpa. Katika hadithi anaweza kusema kwamba sungura aliogopa. Kwa lugha ipi atasema hivyo, kama siyo ile anayoogopea?

Hayo yote yanahusu wale wenye bahati. Nchini Kongo, watoto wanaopita chekechea ni chini ya mmoja kati ya kumi. Elimu ya bure inaanza na shule ya msingi. Matenele imebaki mzigo wa mzazi, wakati Tanzania iliingiza darasa la awali ndani ya elimu bila ada tangu 2016. Kudai serikali ifanye hivyo Goma leo, hali ya mji ikiwa kama ilivyo, ni kuimba mbele ya mlima. Lakini makanisa, ambayo yanasimamia sehemu kubwa ya shule za hapa, yana majengo ambayo siku za wiki yanakaa matupu asubuhi nzima, na yana akina mama wanaojua kusoma. Saa moja ya hadithi kwa watoto wa mtaa ambao wazazi wao hawawezi minervali haingehitaji ruhusa ya Kinshasa.

Wakaguzi nao wana sehemu yao. Anayetembelea chekechea akaomba kuona kaye tu, direktrisi ataendelea kutengeneza kaye. Akiomba kukaa nyuma ya darasa asikilize hadithi, juma linalofuata kutakuwa na hadithi.

Na kuna jambo la proklamasio. Kila mwisho wa mwaka watoto wa miaka sita wanavalishwa toga na kofia za chuo kikuu, mpiga picha anaitwa, wazazi wanalipia kodi ya nguo hiyo kwa siku moja, na mtoto anakariri mistari ya Kifaransa ambayo yeye mwenyewe haielewi. Picha inapendeza, hakuna ubaya. Ila kiasi ambacho darasa moja linakitoa kwa toga kingenunua karatasi, rangi na uzi wa vitabu vya mwaka mzima. Mwezi Juni ujao, shule moja tu ya Goma ijaribu: kila mtoto apande jukwaani na kitabu alichokitunga na wenzake, akifungue mwenyewe, asome ukurasa mmoja, na baba yake aliyekaa mstari wa nyuma aelewe kila neno.